Kompyuta ya mjomba na idhini ya flashi

Mjomba alikuwa na duka la steshenari Ngamiani, Tanga: fotokopi, kulaminisha, kuchapa barua za maombi ya kazi. Mwaka 2019 alinikabidhi kompyuta yake kuukuu, RAM ya GB 1, Windows imeshaliwa na virusi vya flashi za wateja.

"Fanya ujuavyo, mjomba," akaniambia, "ila wateja wasinisumbue."

Siku hizo nilikuwa mkereketwa wa Devuan, mfumo wa kuendesha kompyuta wa jamii ya Linux, mbadala wa Windows. Mwaka 2014 Debian, mfumo mwingine wa Linux, waliamua kwamba programu iitwayo systemd ndiyo itakayoamka kwanza kompyuta ikiwashwa na kuziamsha huduma nyingine. Wasioridhika wakajitenga mwaka huohuo na kuanzisha Devuan, isiyo na systemd. Lawama yao ilinikaa. Systemd ilianza na kuwasha huduma, ikaongeza kutunza kumbukumbu za mfumo, ikafika hadi kusimamia nani ameingia. Mgeni wa barazani, mara umemkuta ameshika funguo za stoo!

Basi nikaiweka Devuan. Kwa eneokazi, yaani sura ya madirisha na menyu, GNOME iliyo nzito sikuigusa, kwa mashine ile ingekuwa adhabu. Nikaweka Xfce, eneokazi ambalo Devuan huja nalo, ikakimbia vizuri tu. Lakini ilikuja pamoja na elogind, kipande cha kusimamia nani ameingia, kilichochomolewa kwenye systemd yenyewe kikafanywa kijitegemee. Mimi nilitaka mashine isiyo na hata harufu yake. Nikafuta vyote viwili nikaweka IceWM, programu ndogo ya kupanga madirisha yenye mstari chini, menyu kushoto na saa kulia. Mjomba akafurahi: "Hii naijua."

Asubuhi akaja binti na wasifu wake kwenye flashi. Mjomba akaichomeka, akabofya. Kikatokea kidirisha: huna idhini. Akachomoa, akaipuliza, akairudisha. Huna idhini.

"Duka langu, umeme nalipa mimi, idhini niombe kwa nani?"

Swali lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Kabla ya kufungua flashi, programu iitwayo polkit huuliza: huyu anayeomba, kweli ndiye aliyekaa mbele ya mashine? Wa kujibu ndiye elogind, nami nilikuwa nimeshamfukuza. Kumbe kitufe cha kuzima nacho kilikuwa hakisikii, na mjomba usiku uliopita alizima swichi ya ukutani bila kuniambia. Diski ile ilikuwa na roho ngumu.

Elogind sikuirudisha. Ukaidi, ndiyo, ila dawa ilikuwepo: pmount, programu ndogo inayomwezesha mtumiaji wa kawaida kufungua flashi, na mstari mmoja kwenye sudo, programu ya kugawa ruhusa, wa kumruhusu mjomba kuzima mashine. Kwenye menyu nikaandika kwa herufi kubwa: FUNGUA FLASHI, TOA FLASHI, ZIMA.

Binti alirudi alasiri. Mjomba akabofya mwenyewe, karatasi mbili zikatoka, akapokea hela yake. Habari za systemd hakuniuliza, si siku ile wala baadaye. Alichouliza ni kwa nini nimemwekea picha ya bahari ya ugenini, na bahari yetu ya Raskazone hapa Tanga tunayo.