Celica yangu ya 3S-GE ilivyozima ghafla mteremko wa Saranda, na nilivyoifufua bila kuiwekea injini ya Noah

Naandika hii kwa sababu Dodoma sisi wenye hizi Celica za zamani tupo wachache, na mafundi wengi injini ya Toyota ya 3S wanayoijua ni ile ya gari la Noah, na hapo ndo shida inapoanzia maana kwa juu juu zinafanana sana mpaka fundi anakuwa na majibu kabla hajashika spana. Yangu ni Toyota Celica ST202 SS-II (ST202 ni kodi ya modeli), manyuali, ya katikati ya miaka ya 1990, zile zenye taa nne za mviringo mbele, kizazi hicho kilitoka kuanzia 1993 mpaka 1999. Ndani kuna 3S-GE, sio 3S-FE. Zote ni lita mbili, zote valvu 16, zote taiming ni ya mkanda (mkanda ndo unaofanya valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake pistoni zikipanda na kushuka), lakini mkanda ukikata hizo ni injini mbili tofauti kabisa.

Tulikuwa tunatoka Singida na mama, kesho yake asubuhi ana kliniki Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Gari imetembea vizuri, geji ya joto iko palepale katikati, oili niliicheki kabla hatujaondoka. Tukapita Manyoni tukaanza kushuka Saranda. Anayeijua hiyo barabara anajua, ukitoka Manyoni upo juu halafu nchi inakatika, unashuka na kona zake mpaka unaikuta Kintinku kule chini, na semi zinashuka taratibu na gia ndogo. Kona mbaya zilikuwa zimeshaisha, mteremko umeanza kulegea, niko gia ya tatu, nikakanyaga mafuta kidogo nikasikia TAK, halafu mlio wa chuma unasagwa, kitu cha sekunde moja hivi, kisha nakanyaga mafuta hakuna kitu.

Nilichofanya cha kwanza ni kukanyaga klachi na kuiacha chini. Ukiwa kwenye gia, matairi yanaendelea kuizungusha injini hata kama imeshakufa, na kama ni mkanda wa taiming umeondoka basi kila mzunguko ni pistoni inazidi kugonga valvu. Halafu kwenye 3S pampu ya oili inaendeshwa na mkanda huohuo, waterpampu pia, yaani unaizungusha kavu. Klachi ilivyoingia tu taa ya oili na ya chaji zikawaka na usukani ukawa mzito kama nageuza jiwe la kusagia.

Sasa hapa kwenye breki naomba nieleweke vizuri maana ndo panapoua watu. Injini ikizima busta ya breki inabakiwa na akiba kidogo tu, ukipiga piga pedali mara mbili tatu imeisha, baada ya hapo unakanyaga kama unakanyaga ukuta. Breki haijakufa, ipo, ila inataka nguvu zako zote. Kwa hiyo sikupiga piga, nilikandamiza mara moja bila kuachia, huku navuta hendbreki kidogo kidogo kidole kikiwa kwenye kile kitufe ili isifunge ghafla matairi ya nyuma yakateleza. Na ufunguo sikuugusa. Kuna watu gari ikizima wanakimbilia kuzima swichi, ukiurudisha mpaka mwisho ukachomoka usukani unajifunga, na hapo upo mteremkoni. Nikawasha hazadi nikaitoa kushoto kwenye changarawe, ikasimama.

Mama akaniuliza, "Mwanangu, ndo imekufa?" Nikamwambia imezima mama, shuka taratibu, panda kule juu mbali na lami. Nikaweka mawe mbele ya matairi, traiango nikaipeleka nyuma mbali sana, kule kwenye kona, kwa sababu dereva wa semi anayeshuka akiiona ukiwa umeiweka karibu na gari hana tena nafasi ya kufanya lolote. Nikaongezea matawi, maana ndo alama ambayo kila dereva wa hii nchi anaielewa.

Mama nilimtanguliza. Ilipita Coaster ya kwenda Dodoma nikaisimamisha, kondakta kijana mzuri tu, "shikamoo mama, karibu mbele hapa", nikampigia dada yangu ampokee, na kliniki kesho yake akaenda. Nasema hivi kwa sababu ukiwa umebeba mgonjwa au mtu mzima akili yote inakuwa kwake na unaanza kufanya maamuzi ya haraka haraka kwenye gari ili tu muondoke. Alipoondoka ndo nikatulia.

Stata sikuigusa. Ule mlio wa chuma ulinitosha. Vijana wa pale chini walishafika wanne watano, wanataka tusukume iwake, "bro weka gia ya pili tuichomoe, hizi tunazijua". Nikawaambia hapana, na nikakataa mara ya pili na ya tatu, mmoja akachukia kabisa. Nikachukua spana kumi nikafungua kava la juu la taiming, pamebana ila mkono unapita. Mkanda umelegea, umekaa upande, meno yamenyolewa sehemu yenye urefu wa kidole. Basi, jibu nimelipata bila kuizungusha hata nyuzi moja.

Kwa ambaye hawezi kufungua kava pale barabarani, kuna mlio wa kukujulisha. Gari ambayo mkanda umeondoka, stata yake inazunguka laini na haraka bila ule mkazo wa kawaida, kwa sababu kompresheni, yaani hewa kubanwa ndani ya silinda, haipo. Ukishausikia hivyo acha, usirudie.

Fuso moja tupu ikasimama, inarudi Dodoma. Dereva akasema, "Kaka kamba ninayo, nakuvuta." Nilimshukuru ila kamba nilikataa. Mteremko bado ulikuwepo, busta sina, usukani mzito, jua linazama, na aliyefungwa kamba nyuma ya Fuso hana anachoona mbele zaidi ya bodi ya Fuso. Nikamwambia kaka, kama utakubali tuipakie. Akacheka, tunaipakiaje gari ya chini hivi? Nikamwonyesha, kule mbele kidogo barabara imekata udongo na kuna kingo iliyosimama, kimo chake kinakaribiana na sakafu ya Fuso. Tukaiachia Celica ishuke yenyewe taratibu mpaka usawa wa pale, Fuso ikinikinga kwa nyuma na hazadi. Akarudisha Fuso kinyumenyume mpaka bodi ikagusa udongo, wale vijana wakachimba na kusawazisha njia ya kupandia, tukaweka mbao mbili ndefu alizokuwa nazo, na tukaisukuma ikapanda. Bampa la mbele liligusa ubao mara moja tu. Yule aliyechukia ndo alisukuma kuliko wote, niliwalipa vizuri na yeye nikamwongezea.

Kwenye kufunga, kamba zilipita kwenye rimu, sio kwenye bodi wala kwenye sasipenshi, hendbreki juu, gia nyutro. Wengi hupaki kwa gia, lakini gari ikicheza njiani si injini inazunguka tena?

Dodoma niliishusha kwenye gereji moja maeneo ya Kizota, wana tuta la kushushia. Fundi kaangalia, kacheka, "Hii 3S bana, mkanda tu, kesho jioni unaondoka." Na kwa Noah SR40, Carina au RAV4 za zamani angekuwa sahihi kabisa, maana 3S-FE mkanda ukikata pistoni na valvu hazikutani, unafunga mkanda mpya unasepa. 3S-GE hedi yake, ile sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu, Toyota waliitengeneza na Yamaha, valvu ni kubwa zaidi na zimelala kwa upana zaidi, na zikiwa wazi zinakutana na pistoni. Tulibishana, kwa heshima lakini tulibishana. Mwisho nikamwomba kitu kimoja, afunge mkanda kwa kuazima, alinganishe alama, azungushe kwa mkono na spana kwenye puli ya kranki, halafu apime kompresheni. Silinda ya kwanza na ya nne hakuna kitu kabisa, sindano haijanyanyuka. Hapo akanyamaza, akasema boss tufungue hedi.

Hedi kuja juu, valvu nane zimepinda. Pistoni zina alama za kugongwa ila hazijatoboka wala kupasuka, na hiyo naamini ni kwa sababu haikuzungushwa tena baada ya pale Saranda. Aliyeua sio mkanda wenyewe, mkanda ulikuwa bado mzuri, mwenye gari wa mwanzo aliubadilisha na risiti aliniachia. Ni puli ya aidla, ile inayouongoza mkanda, beringi yake ilikuwa ileile iliyotoka na gari Japan, grisi imekauka, ikajamu, mkanda ukawa unasuguliwa juu ya puli iliyosimama. Japan mkanda unahesabiwa kilomita 100,000 na watu wanaishika hiyo namba, wanabadilisha mkanda, zile puli zinarudishwa palepale kwa sababu ukizizungusha kwa kidole zinazunguka.

Halafu ushauri ukaanza. Kila anayepita gereji ananiambia weka 3S-FE, zipo kibao, bei poa, spea hata Chang'ombe unapata. Nawaelewa, lakini mimi hii gari sikuinunua kwa ajili ya kufika tu. Celica ndo jina ambalo Juha Kankkunen, dereva wa rali wa Finland, alishinda nalo Safari Rally pale Kenya mwaka 1993, na Toyota wakachukua nafasi zote nne za juu. Ile ilikuwa GT-Four, ya turbo, inavuta matairi manne, na ni ya kizazi cha nyuma ya hii yangu, najua, ila mimi nilianza kuipenda Celica hapo nikiwa mdogo na sikuwa tayari kuifungua boneti nikute moyo wa daladala. Mbali na mapenzi kuna waya na kontrolboksi havilingani, na namba ya injini kwenye kadi nayo inabidi ikabadilishwe TRA. Injini nzima ya 3S-GE kutoka Japan niliulizia Dar, bei ilinikata, na bado ni injini ya zamani ambayo hujui mkanda wake umetembea kiasi gani. Nikaamua tunatengeneza hedi.

Nilipanda SGR asubuhi kwenda Dar, usiku nimerudi. Valvu mbovu nilizibeba kwenye mfuko, moja ya kuingiza na moja ya kutoa moshi, na hilo liliniokoa, maana Gerezani duka la kwanza na la pili walinipa za FE, wanakuambia 3S zote sawa. Ukiweka ya GE pembeni unaona kichwa ni kipana, hakuna haja ya kubishana, unaiweka mezani tu. Nikanunua na mkanda, aidla zote mbili, waterpampu, sili za kamshafti, ya kranki na ya pampu ya oili, na gasketi ya hedi.

Hedi niliipeleka kwa mzee mmoja wa mashine Majengo. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Akaipindua, akaiangalia muda mrefu, "Hii sio ya Noah hii." Nilijua nimefika. Akaskimu (kusawazisha uso wa hedi), akakata siti (pale valvu inapokalia), akalapu valvu zote 16 hata zile nzima ili zikae vizuri kwenye siti, halafu akamimina petroli kwenye matundu akaiacha ilale hivohivo mpaka asubuhi kuona kama kuna inayovuja. Moja ilivuja, akairudia. Kazi iliyochukua muda kuliko zote ilikuwa shimu, vile visahani vya chuma vinavyoweka nafasi kati ya kamshafti na valvu, kwa sababu siti ikishakatwa valvu inapanda juu na nafasi inapungua, na huku huna nati ya kurekebishia, unapima kwa fila geji, unatafuta shimu ya unene unaotakiwa, unafunga kamshafti, unapima tena. Mafundi wengi hapa wanaruka, gari inawaka, inatembea, baada ya muda valvu inaungua na lawama inaenda kwa spea. Yule mzee hakuruka hata moja.

Siku ya kuwasha tulichomoa plagi zote na waya wa koili, tukazungusha na stata mpaka taa ya oili ikazima, ndo tukarudisha plagi. Ikashika ufunguo wa kwanza, ikatoa moshi wa oili ya kufungia kidogo ukaisha. Nikaipeleka taratibu mpaka Bahi na kurudi bila kuivuta, oili nikaimwaga mapema, filta nikaikata na msumeno kuangalia ndani, hakuna chembe ya chuma.

Hela nyingi ilikula kazi ya mashine na shimu, kisha valvu, kisha Fuso. Jumla bado ilikuwa chini ya ile injini ya Japan niliyotajiwa. Aidla mbili ndo kitu cha bei ndogo kuliko vyote nilivyobeba kutoka Gerezani.