Chumvi na sukari mlangoni mwa seli
Nilipokuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu hapa Jinja jinsi vitu vinavyopita kwenye utando wa seli, nilichagua kuanza na maji ya chumvi na sukari anayopewa mtoto anayeharisha. Katika utumbo mwembamba kuna protini inayoingiza ioni mbili za sodiamu (chembe zenye chaji zitokazo kwenye chumvi) pamoja na molekuli moja ya glukosi, aina ya sukari, na maji huzifuata kwa osmosisi, yaani kwa kuvutwa kupitia utando kuelekea upande wenye chembe nyingi zaidi. Mwanabiokemia Mmarekani Robert Crane alieleza ushirikiano huo mwaka 1960, na kwangu mimi ni mojawapo ya maarifa mazuri kabisa ya biolojia. Mwanafunzi mmoja aliuliza mbona kipindupindu hakiizuii njia hiyo. Nilifurahi mno kumjibu kwamba sumu yake huchochea seli kumwaga kloridi, sehemu nyingine ya chumvi, ambayo huvuta maji nje kupitia mlango mwingine, huku protini hii ikiendelea na kazi yake.