Kidole cha shahada na besi wa Texas

Nimezaliwa Pangani, pale mto unapoingia baharini, na mpaka natimiza miaka 20 nilikuwa sijashika ufito wa kuvulia hata siku moja. Tulikuwa na mshipi tu. Nailoni imezungushwa kwenye kipande cha ubao, chubwi la risasi, ndoana mbili, na vipande vya ngisi kwenye kopo. Mjomba alinifundisha jambo moja kabla ya yote: mshipi upite juu ya kidole cha shahada, na macho yako yaende popote yanapotaka. Changu anadonoa kama kuku. Chewa hadonoi, unasikia tu uzito umekuja, kama mtu amekushika nguo kwa nyuma.

Kwa hiyo nilipohamia Texas sikuwa mgeni wa kuvua. Nilikuwa mgeni wa duka.

Huku samaki anayezungumziwa ni besi. Siyo lile besi la gitaa. Ni samaki wa maji baridi, kijani mgongoni, ana mstari mweusi ubavuni na mdomo unaofunguka mpaka unashangaa. Wavuvi wa Naivasha kule Kenya wanamjua, maana alipelekwa huko kutoka Marekani miaka ya 1920. Mimi nilipomwona mara ya kwanza nilisema huyu ni chewa aliyepotea njia, na tabia yake ni hiyohiyo. Hakimbizi windo masafa marefu. Anajibanza penye kivuli, kwenye kisiki au majani, kitu kikipita anafungua mdomo na kukinyonya pamoja na maji. Kisipomridhisha anakitema, na yote hayo yanatokea kabla hujasema bismillahi.

Kazini kila anayevua ana hadithi ya Lake Fork, bwawa lililo mashariki ya Dallas, ambako Januari 1992 alivuliwa besi wa ratili 18.18, zaidi ya kilo 8. Mpaka leo ndiye rekodi ya jimbo. Basi nami nikaingia dukani nikiwa na yule samaki kichwani. Muuzaji akaniuliza navua wapi. Nikasema popote. Akaniuliza natumia chambo gani. Nikasema kizuri. Mtu anayejibu hivyo anastahili kuuziwa chochote, na nikauziwa: ufito wa futi 7 na inchi 3, mgumu kama mpini wa jembe, na rili, yaani kikunjio cha mshipi, ya aina wanayoiita beitikasta, ile inayokaa juu ya ufito na bobini yake huzunguka yenyewe unaporusha. Nikaongeza boksi la vyambo vya plastiki vya rangi zote za shanga. Dola 180 na ushei. Mke wangu sikumwambia.

Asubuhi ya kwanza nilikwenda bwawa la Joe Pool, upande wa hifadhi ya Cedar Hill, moja kwa moja kutoka zamu ya usiku. Nikafunga samaki mdogo wa plastiki, mwepesi kama kibiriti, nikarusha kwa nguvu zangu zote. Chambo kilianguka mita nne mbele yangu. Mshipi ukabaki kwenye rili, umefumuka na kusokotana kama furushi la usumba. Nilikaa juu ya jiwe saa nzima nikifumua, jua linapanda, na bata wananitazama.

Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kilichotokea. Kwenye beitikasta, chambo ndicho kinachoivuta bobini izunguke. Chambo kikipungua mwendo hewani na bobini isipungue, mshipi unatoka bila pa kwenda. Kazi ya kuizuia ni ya kidole gumba chako, na gumba halijifunzi kwa siku moja. Tena ufito wenyewe ulikuwa umeandikwa ubavuni, juu kidogo ya mshiko, maandishi madogo niliyodhani ni ya kiwandani: nusu wakia mpaka wakia moja na nusu. Ndiyo mizigo unayoweza kurusha. Ufito hurusha kwa kupinda na kujinyoosha, kama tawi la mpera. Chambo changu kilikuwa cha moja ya nane ya wakia. Hakikuweza hata kuuamsha.

Ukitaka kuokota jambo moja kutoka kwenye uzembe wangu, okota hilo. Soma ubavu wa ufito kabla ya kusoma bei.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja kutoka Uvira, Kongo, anaabudu kanisa lililo jirani na msikiti wetu, yaani yeye kanisani mimi msikitini, na tunagombania maegesho. Sote tunamwita Papa. Kwetu pwani papa ni samaki mwenye meno, kwao ni baba, na yeye ni vyote viwili. Amekulia kando ya ziwa Tanganyika akivua sangala na mikebuka. Alinikuta ukingoni, akaupima ule ufito kwa macho.

“Mtoto wangu, hii njo ya kuvua samaki ao ya kuvua mamba?”

Akanipa wake nijaribu. Futi 6 na inchi 6, mwepesi, nguvu ya kati, ncha yake inapinda lakini kiuno kinabaki kigumu. Rili inaning'inia chini, ile ya spiningi, ambayo bobini yake haizunguki. Mshipi unaruka wenyewe kutoka ukingoni mwake. Huhitaji gumba lenye elimu. Nikarusha, chambo kikaenda mpaka pale nilipotaka, na kilipokuwa kinazama nikaweka kidole cha shahada chini ya mshipi bila kufikiri. Mkono ulikumbuka Pangani kabla yangu. Nikahisi chubwi linagusa tope, linapanda juu ya kitu kigumu, linateleza. Kwenye ufito wangu mgumu nilikuwa sijasikia kitu isipokuwa uzito wake.

Kuanzia hapo nilianza kununua kinyumenyume. Kwanza samaki anakaa wapi. Maziwa mengi ya Texas ni mabwawa, mito iliyozuiwa kwa ukuta, kwa hiyo chini kumejaa visiki na vichaka vilivyozama, na besi anapenda humohumo. Chambo chenye ndoana tatutatu zinazoning'inia kitabaki kwenye kisiki. Mimi niliviacha sita mwezi wa kwanza. Kinachopita ni mnyoo wa plastiki uliofungwa kwa ule mtindo unaobeba jina la jimbo hili: chubwi dogo lenye umbo la risasi ya bunduki linateleza mbele kwenye mshipi, ndoana inaingia kichwani mwa mnyoo, inatoka, inageuzwa, na ncha yake inafichwa ndani ya mwili wa mnyoo. Visiki haviioni ncha. Samaki akibana, inachomoza.

Mnyoo na chubwi la tatu ya kumi na sita ya wakia vinahitaji ufito wa nguvu ya kati. Ufito wa nguvu ya kati unakwenda na rili ya ukubwa wa namba 2500. Ona ilivyo rahisi ukianzia majini. Vyote viwili nilivipata kwa dola 75, na nilikuja kugundua baadaye kwamba hifadhi nyingi za jimbo hapa huazima fito na vifaa bure, na ukivulia ukingoni ndani ya hifadhi ya jimbo huhitaji hata leseni. Mimi nilikuwa nayo ya kulipia. Niliikata Juni, nikaifurahia, kumbe leseni ya kawaida huisha Agosti 31 hata uikate lini. Sikusoma. Sasa mnajua ni ugonjwa wangu.

Sehemu niliyohangaika nayo kuliko zote ni mshipi, na ndiyo watu wanayoipitia haraka. Kuna nailoni ya kawaida: rahisi, inazama polepole, inanyumbulika. Kunyumbulika kunakusamehe ukivuta vibaya, lakini samaki akigusa mbali, habari inafika imechoka. Kuna florokaboni: inazama, haionekani sana majini, ila ni kaidi. Ukijaza bobini ndogo kwa florokaboni nene inatoka imejikunja kama nywele za kipilipili. Halafu kuna mshipi wa kusuka, mwembamba, karibu hauvutiki. Siku ya kwanza kuutumia nilisikia kila kokoto. Lakini unaonekana majini kama uzi wa fundi cherehani.

Nilichoishia nacho ni mshipi wa kusuka wa ratili 15 kwenye bobini, na mbele yake futi sita hivi za florokaboni ya ratili 10. Mara ya kwanza nilifunga wa kusuka moja kwa moja kwenye bobini. Samaki akavuta, mkono wa rili ukawa unazunguka na mshipi hausogei: wote ulikuwa unateleza juu ya chuma kama mkanda uliolegea. Anza na mizunguko kadhaa ya nailoni ya kawaida chini, ndipo ufunge wa kusuka juu yake. Na ukisharusha, funga ule waya wa rili unaoongoza mshipi kwenye bobini kwa mkono, usiufunge kwa kuzungusha. Mshipi unakusanya misokoto michache kila mara, na misokoto hulipa kisasi jioni.

Fundo lilinigharimu samaki mkubwa, na bado linaniuma. Septemba, giza halijaisha vizuri, alikuja mmoja ambaye sikumwona. Nilimshika kwa dakika moja, akageuka, mshipi ukawa mwepesi. Nilipouvuta nikakuta ncha imejikunja kama mkia wa nguruwe. Papa aliitazama akasema mshipi haukukatika, fundo limefunguka. Uliokatika huwa mnyoofu. Nilikuwa nimelikaza kavu. Florokaboni ikikazwa kavu inaungua kwa msuguano. Sasa nakunja mshipi mara mbili, napitisha kwenye tundu la ndoana, nafunga fundo la kawaida, naipitisha ndoana nzima ndani ya kitanzi, naramba kwa mate, ndipo navuta polepole. Fundo kavu silirushi majini tena.

Besi wangu wa kwanza halali alikuja Oktoba, saa moja kasoro asubuhi. Nilikuwa nimeacha hata chubwi. Kuna mnyoo mnene wa inchi 5, umetiwa chumvi ndani, mzito wa kutosha kurushwa peke yake. Unauvika pete ya mpira kiunoni, unapitisha ndoana chini ya pete ili mnyoo usichanike, unaurusha kando ya kichaka na kuuacha uzame. Usifanye kitu. Kwa mtu mwenye haraka, hilo ndilo gumu. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa baada ya mvua, kwa hiyo nilitumia mweusi wenye chembe za buluu, rangi inayoonekana penye tope. Mnyoo ukazama. Hakuna aliyedonoa. Kidoleni nikasikia kile kitu cha zamani, uzito tu, kama mtu amenishika nguo kwa nyuma, na mshipi ukaanza kutembea kwenda pembeni.

Pangani ningeushtua papo hapo. Hapa nilishajifunza: zungusha rili kwanza mpaka mshipi unyooke, ndipo uinue ufito kwa mfululizo. Aliruka mara mbili akitikisa kichwa. Nilimshika kwa mdomo wa chini, kidole gumba ndani, kwa sababu meno yake ni kama msasa tu. Kwa changu nisingethubutu. Inchi 15. Sheria ya jumla ya jimbo inaruhusu kuanzia inchi 14, watano kwa siku, ingawa mabwawa mengine kama Lake Fork yana masharti yao, na huyu ningeweza kumchukua. Nilimpiga picha, nikamshusha majini nikimshikilia mpaka akapiga mkia mwenyewe.

Nyumbani ikawa kesi. “Baba watoto, umeondoka na chupa yangu ya chai ya tangawizi, umerudi saa tatu, umeleta picha?” Nilipompigia mama Pangani kumweleza kwamba huku watu wanavua samaki wakubwa na kuwarudisha, alinyamaza kidogo, akauliza kama wana shida gani. Wiki iliyofuata nilileta wawili, tukawapaka ndimu, kitunguu saumu na pilipili, tukawakaanga. Nyama nyeupe, haina miiba ya kusumbua. Mke wangu alisema imepoa, haina bahari. Alikula wake wote.

Boksi la vyambo vya rangi zote za shanga liko juu ya kabati. Natumia rangi tatu, hiyo nyeusi na buluu, ya kijani cha boga, na moja ya kahawia siku ambazo maji yameng'aa. Beitikasta na ule mpini wa jembe nilimpa Papa. Anavulia kambare usiku kwa vipande vizito vya samaki na chubwi la wakia moja, mzigo ambao ufito ule uliutaka tangu mwanzo, na gumba lake halijawahi kukosea. Juzi alinitumia picha ya kambare anayemfika kiunoni, na chini ameandika: “Mamba yako njo huyu.”