Kurasa 24 za Kidato cha Nne

Lamu, Jumamosi ya mwisho kabla ya mitihani ya vitendo

Upepo wa kusi umekwisha, wa kaskazi haujaingia, na maji mbele ya mji yamelala kama samli kwenye sahani. Joto hili ndilo la Kidato cha Nne. Darasani hayazungumzwi ila mambo mawili: mtihani wa kitaifa, na kijitabu.

Kijitabu ni cha kuagana. Kila mwanafunzi aandikiwe na wenzake aya moja ya kuchekesha, amalizapo kuisoma acheke yeye wa kwanza. Darasa hili lina watu 38. Ukiweka picha mbili za maneno kwa ukurasa unapata kurasa 19. Ongeza jalada la mbele na la nyuma, ukurasa wa majina, ukurasa wa walimu na mmoja wa sahihi, zinatimia 24. Hesabu hiyo haikuja kwa bahati. Karatasi ya A4 ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne, kwa hiyo kijitabu cha kukunja lazima kigawike kwa nne. Kwa 24 ni karatasi sita. Wanaopanga kurasa 21 huishia na tatu tupu huko nyuma, na ukurasa mtupu kwa vijana wa miaka kumi na minane hujazwa mioyo yenye mishale.

Nusu ukurasa wa ukubwa huo humeza maneno 60 hivi, kwa herufi za kusomeka na nyanya bila miwani. Sitini ni machache, na ndiyo maana rasimu nyingi zilizoletwa juma hili zimekufa kabla ya nukta ya kwanza: "Ni mpole, mcheshi, mwenye bidii na anayependa kusaidia wengine." Funika jina kwa kidole, usome tena. Ni nani huyu? Ni wote 38, pamoja na mpishi wa shule. Sifa ikiweza kuvaliwa na kila mtu basi haijamkaa yeyote. Kinachomkaa mtu ni kile anachokifanya kwa mikono yake saa fulani, na anavyokikosea.

Mchukue Nahodha. Kila darasa la kisiwani lina nahodha wake, yule anayevuka kutoka Manda asubuhi na kuingia darasani suruali imekunjwa magotini, viatu mkononi. Miaka minne udhuru wake ni huo huo: "Maji yamekupwa, Mwalimu, dau limekaa mchangani." Mwalimu aliyetoka bara huukubali muhula mzima, maana nani atabishana na bahari? Lakini bahari ina hesabu zake. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika kama 50. Ikiwa Jumatatu maji yamekupwa kabisa saa moja asubuhi, Alhamisi yatafika hapo saa tatu na nusu, na Jumatatu ya pili saa moja ile ile yatakuwa yamepanda ngazi za gati. Dau lililoachwa juu wakati wa maji makuu usiku linaweza kweli kuamka mchangani, lakini si kila kukicha. Kwa hesabu ya ukarimu, Nahodha ana haki ya kuchelewa siku tatu nne katika kila majuma mawili. Siku za shule katika majuma mawili ni kumi. Yeye huchelewa kumi.

Picha yake ni hiyo, haina haja ya neno "mvivu". Aliyeleta rasimu aliandika "mchelewaji sugu" akaiacha bahari nje, kumbe kichekesho chote kimo majini. Hapa hata mtoto wa darasa la pili, ukimtajia mwezi umeandama lini, atakwambia lini ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, na lini ni maji mafu, yanaposogea kidogo tu. Aliyekuwa hajui ni mwalimu peke yake, na darasa zima lilijua kwamba hajui.

Benki Kuu ni yule mwenye kikokotoo. Mitihani ya majaribio hukuta vikokotoo vitano darasani na watu 38, na chake ndicho kinachozunguka, kwa sababu hakijapotea kifuniko. Huazima kwa masharti, na sharti lake kubwa hulisahau mwenyewe: kukagua kimewekwa kwenye nini kinaporudi. Mkopaji mmoja akigusa vitufe kwa uchokozi, kikahama kutoka digrii kwenda radiani, kipimo kingine cha pembe, sini ya 30 badala ya kuwa 0.5 hutoka -0.988. Benki Kuu huiandika hivyo hivyo kwa wino, urefu hasi, mnara wa simu umezama ardhini, kisha huendelea na sehemu (b) kwa imani kamili. Karatasi ya Hisabati ni saa mbili na nusu kwa alama 100, na yeye hugundua zimebaki dakika kumi. Utamjua kwa namna anavyoinua kichwa na kuwatazama wadeni wake mmoja mmoja.

Waziri wa Mipango nampitia upesi kwa kuwa yumo katika kila shule ya dunia hii: ratiba ya kujisomea, rangi nne, rula, majuma mawili ya kuichora, na ikikamilika mada zilizopangwa juma la kwanza zimeshapitwa na wakati. Huchora nyingine. Mtabiri naye yuko kila mahali, na karatasi zake za miaka iliyopita. Swali lisipotokea miaka miwili husema litakuja, lisipokuja husema limesogezwa mwakani.

Sasa Mato. Huyu ni wa Lamu hasa, na aya yake ndiyo iliyoandikwa mara nyingi kuliko zote.

Mato amelelewa na bibi yake katika mtaa wa Mkomani, na Kiswahili chake ni Kiamu kitupu, lahaja ya Lamu. Kwake macho ni mato, njia ni ndia, jua ni yua, na jioni ni yua likitwa. Nyumbani hii ni lugha ya heshima. Mashairi ya zamani yanayosomwa na wazee yalitungwa kwa maneno haya haya. Lakini Karatasi ya kwanza ya Kiswahili ni insha, alama 40 kwa saa moja na dakika 45, na msahihishaji hakuletwa asifu bibi ya mtu. Mato huandika, "Niliinua mato nikaiona ndia," na karatasi hurudi na viduara vyekundu viwili katika sentensi ya maneno manne. Mwenzake aliyekuja na wazazi wake wa bara akiwa darasa la sita, anayesema "nilimwambianga", hupata alama nyingi kuliko yeye, kwa kuwa "nilimwambianga" yake huiacha kwenye uwanja wa mpira na insha huiandika kwa Kiswahili cha vitabuni.

Ngoja basi ifike Karatasi ya tatu, ya fasihi, alama 80. Shairi limewekwa, swali linasema: eleza jinsi mshairi alivyoutumia uhuru wake. Na pale kwenye ubeti wa tatu limekaa neno gani? Mato. Mtahiniwa akiandika kwamba mshairi ametumia lahaja, akatoa mfano "mato" kwa maana ya macho, anapewa alama. Neno moja, lugha moja, juma moja: siku hii ni kosa, siku ile ni uhuru. Mato alipoligundua hilo aliuliza darasani kwa sauti ya upole kabisa, "Kwani, Maalim, mtu huanza kuwa mshairi saa ngapi?" Maalim alifuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Waandishi watatu waliigeuza aya yake kuwa malalamiko kuhusu mitaala, ikawa nzito kama gunia la chumvi. Ya nne ikafaulu kwa sababu iliweka mambo mawili tu: kiduara chekundu, na swali lake kwa Maalim. Uchungu msomaji ataukuta mwenyewe.

Bi Hiliki huuza mahamri saa nne, kutoka kwenye ndoo ya rangi iliyooshwa, chini ya dawati la nyuma. Kilo ya unga, kikombe cha sukari, kijiko cha kulia cha hamira, hiliki ya kutwanga mwenyewe na tui zito. Tui liwe vuguvugu. Likiwa la moto linaua hamira na donge linakutazama tu mpaka asubuhi. Mafuta nayo yakiwa hayajakolea, hamri halifuri, linajilaza na kunywa mafuta. Siku za hamri lililolala anajulikana kwa kuuza haraka na kutomtazama mteja usoni. Madeni yapo nyuma ya daftari la Biashara, upande wa kulia na wa kushoto kama alivyofundishwa, mkopo kwa penseli na malipo kwa wino. Hakuna mtu darasani aliyeelewa somo lile kuliko yeye, na hakuna aliyelitumia dhidi ya wenzake kwa ukatili zaidi. Mwalimu wa somo mwenyewe yumo, kwa penseli.

Halafu kuna Daktari wa Rangi, bingwa wa maabara. Mtihani wa vitendo wa Kemia unakuja, na mazoezi yake yanatazamwa kama mechi. Hupima besi kwa pipeti, sentimita 25 za ujazo, hutia matone mawili ya fenolfthalini, dawa ya kuonyesha rangi, flaski inakuwa waridi. Hufungua asidi ya biureti, bomba refu lenye vipimo, idondoke mpaka waridi iishe, na hapo hapo ndipo pa kufunga. Faneli ameiacha juu, nayo inadondosha tone lake la siri baada ya kusoma kipimo. Kiputo cha hewa kimo kwenye ncha ya chini, kikitoka katikati ya kazi kinahesabiwa kama asidi. Haya yote angeweza kusamehewa. Tatizo lake ni roho ya sherehe: waridi inapofifia anafungua zaidi ili aone itakuwaje. Na fenolfthalini ikishapoteza rangi imepoteza. Uzidishe tone moja au kikombe kizima, maji ni meupe vile vile, wala hutajua umepita kwa kiasi gani. Vipimo vyake vitatu, vinavyotakiwa vikaribiane kwa 0.1 au 0.2, hupishana kama punda na mkokoteni. Aliyeandika aya yake alimaliza hivi: "Anataka kusoma udaktari. Tunamwombea wagonjwa wake subira." Hiyo imepita bila kuguswa.

Kuna zilizokataliwa, na sababu zake hazibadiliki mwaka hata mwaka. Mwili wa mtu hauandikwi, wala nani alimwandikia nani barua, wala kazi ya babake, wala nyumba yao iko Mkomani au Langoni. Vichochoro vya mji huu punda mwenye matofali akipita lazima ujibanze ukutani, lakini maneno hupita humo bila kujibanza. Kijitabu kikitolewa baada ya Adhuhuri, Alasiri haijaadhiniwa kimeshasomwa na shangazi wa mtu, na shangazi hacheki kwa niaba ya mpwawe. Utani wa darasani unamjua mwenyewe. Kijembe kinamtafuta aliye nje ya chumba, na huku kwetu watu wamelelewa kuvinusa vijembe tangu utotoni, hata visivyokuwapo.

Baada ya hapo ni kazi ya mikono. Kwenye mashine ya kutoa nakala ndipo vijitabu vingi huharibika: ukurasa wa 1 haukai kando ya wa 2, unakaa kando ya wa 24. Kanuni ni nyepesi, kurasa mbili za upande mmoja wa karatasi jumla yake ni 25 daima: 24 na 1, 2 na 23, 22 na 3. Jumla ikitoka 24 au 26, simamisha kabla hujalipa. Stepla ya kawaida haifiki katikati, kwa hiyo ifungue wazi, tandika karatasi juu ya kipande cha boksi, gonga pini mbili kwenye mkunjo, geuza na uzilaze kwa mgongo wa kijiko.

Imebaki aya moja. Kila darasa lina mtu asiye na lakabu. Hachelewi, haazimi, hauzi, hauliziwi. Rasimu zake zote zilikuwa "mpole". Ikabidi waulizane nani amewahi kuona mikono yake ikifanya nini, na kimya kikawa kirefu mpaka Bi Hiliki akasema kwamba dawati lake la nyuma, la ndoo, liliacha kutikisika tangu Kidato cha Pili. Wakainama kutazama. Chini ya mguu mmoja mna karatasi iliyokunjwa mara nne. Wakatazama chini ya la Nahodha, la Benki Kuu, la Mato: karatasi, karatasi, karatasi. Nyingine za muhula huu, zimekatwa kutoka kwenye ratiba za zamani za Waziri.

Imeandikwa hivyo hivyo, maneno 58. Imewekwa ukurasa wa 12, penye pini. Kijitabu kikiachwa mezani hujifungua hapo chenyewe.