Nilivyolala msituni Magamba peke yangu, mvua ikinyesha

Likizo yangu iliangukia Novemba, katikati ya vuli, na sikutaka kuipoteza kwa kukaa ndani Dar. Nikapanda basi la alfajiri la Lushoto. Tukapita Segera, tukapita Korogwe, na pale Mombo gari likaanza kupanda kona za milima ya Usambara, huku vioo vikiingia ukungu. Nilipofika mjini Lushoto bodaboda ikanipeleka Magamba, kilomita chache juu zaidi. Msitu ule ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo unalipia kwanza, ndipo unapiga hema.

Nilimkuta askari wa misitu, mtu mzima wa makamo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wenzako wako nyuma?"

"Niko peke yangu."

Akayatazama mawingu, akanitazama na mimi. "Basi usilale bondeni. Na kabla hujatua mzigo, kagua siafu."

Ushauri ule niliushika, na ningemwambia yeyote anayetaka kulala nje wakati wa mvua afanye hivyo. Ardhi ikilowa sana siafu huhama, na safu yao haizunguki hema lako, inapita humo humo. Nilizunguka polepole nikiinua majani kwa kijiti. Ile nyasi tambarare niliyokuwa nimeipenda ilikatwa na mstari mweusi unaotembea. Nikasogea juu, penye mteremko kidogo, nikahakikisha hakuna tawi kavu juu yangu, nikapanga kulala kichwa kikiwa upande wa juu.

Ukiwa peke yako hakuna wa kukushikia upande wa pili wa turubai, kwa hiyo mpangilio wa kazi ndio msaidizi wako. Nilifunga kamba kati ya miti miwili, usawa wa bega, nikalitupia turubai juu yake, nikaanza kukaza kona ya upande upepo unakotoka. Turubai likishasimama una paa, na hema unalipiga chini yake likiwa kavu, mvua inyeshe inavyotaka.

Kuna kijambo kidogo ambacho watu hawakitilii maanani. Maji hutiririka juu ya ile kamba ndefu kutoka kwenye mti hadi chini ya turubai, halafu yanadondoka juu ya hema. Dawa yake ni kipande cha uzi wa pamba. Nilikifunga kwenye kamba kila upande, karibu na ukingo wa turubai, nikakiacha kining'inie. Nilisimama nikiangalia: tone linakuja limeshikilia kamba, likifika kwenye uzi linashuka nao, linaangukia nje. Niliridhika mno. Kabla ya kulala nilikaza kamba zote tena, maana nailoni ikilowa hulegea.

Lakini kilichoniokoa hasa ni nguo. Nilibeba soksi, suruali na sweta la sufi ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, na hizo zilikuwa za kulalia tu. Hazikutoka nje ya hema hata nilipobanwa na haja usiku. Nilivaa koti la mvua na zile mbichi nikatoka. Asubuhi kuirudia suruali iliyolowa, baridi ikikupanda mapajani, ni mtihani. Kila sehemu ya mwili inakwambia uvae ile kavu. Usivae. Ukiilowesha hiyo, usiku wa pili huna kimbilio, na baridi ya milimani siyo ya kuchezea. Ukitembea kidogo mwili unapata joto.

Jiko la gesi nililiwasha chini ya turubai, nje ya hema. Ndani ya hema lililofungwa moto hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na nailoni nayo inashika moto upesi. Maharage nilikuwa nimeyachemsha nyumbani, yalihitaji kupashwa tu, pamoja na chapati na chai ya tangawizi. Matundu ya hewa ya hema niliyaacha wazi usiku kucha, ingawa ubaridi uliingia. Pumzi yako mwenyewe ikikosa pa kutokea hugeuka maji kwenye kuta, ukadhani hema linavuja.

Mvua ilipokatika usiku wa manane, ukaanza mlio juu ya miti, kama mtu anayekabwa, ukipanda hadi ukawa ukelele. Moyo ulinidunda. Kisha nikakumbuka pimbi wa mitini, mnyama mdogo tu anayeita wenzake gizani. Nilimsikiliza hadi akanyamaza.

Jumamosi nilitembea msituni na mwongozaji katika ukungu, tukawaona mbega, na kinyonga ametulia kwenye jani lenye maji. Kila jioni nilipanda hadi penye mtandao kumtumia dada yangu ujumbe, kama tulivyokubaliana.

Jumapili nilifungasha kila kitu chini ya turubai, lenyewe likafuata mwisho. Hema bichi nikalitia kwenye kiroba chake peke yake, mbali na nguo. Nyumbani nililianika uani siku hiyohiyo niliyofika, nikaligeuza nje ndani hadi mishono yote ikakauka, kwa sababu kuvu wakishaingia hapo harufu haitoki tena, na kitambaa huanza kupitisha maji.