Samaki Ana Pua?

Jumamosi, pale City Market, mpwa wangu alikuwa amejiziba pua kwa ukosi wa shati kabla hata hatujazifikia meza za samaki. "Anti, na samaki wenyewe wana pua?" Nikamwambia wanayo, ila si ya kupumulia. Muuzaji akacheka. Mimi mawazo yalishanipeleka maabara, enzi za Mwalimu na Babu.

Maji ya bahari yalitufikia Nairobi kwa basi la usiku, ndani ya mitungi, sisi tukiyapokea na masweta mwilini. Hayo niyapite. Jioni ninayoikumbuka tulikuwa na matangi mawili. La kwanza mchanga mtupu. La pili Babu, fundi wetu, alilipanga matumbawe ya bandia yenye matawi, huku akiyasonya. Kila tangi lilikuwa na mtoto mmoja wa wale samaki weusi wenye madoa matatu meupe, mdogo kama ukucha wa kidole gumba.

Mwalimu akavuta kwa sirinji maji ya ndoo alimokaa chewa, samaki mkubwa anayewala wadogo, akayaachia taratibu pembeni mwa tangi la matumbawe. Hayakuwa na rangi wala povu, na chewa mwenyewe haonekani. Lakini yule mdogo akaacha kudonoa, akasogea kwenye tawi, mapezi wima. Kipande cha chuma kikaangushwa majini ili kumshtua. Nilichoona ni kwamba alikuwepo, mara hayupo. Tulipoirudisha video polepole ndipo tukamwona: kajikunja, kichwa na mkia upande mmoja, halafu kafyatuka hadi katikati ya matawi. Mwalimu akasema nyuma ya ubongo wake kuna jozi ya seli kubwa za neva, seli za Mauthner, na amri yao hufika kwenye misuli kwa milisekunde chache tu. Harufu ya adui humweka tayari kabla hatari yenyewe haijatokea.

Tukahamia kwa yule wa mchangani. Harufu ileile, chuma kilekile. Hakukimbia. Alitua konani, ni mapezi ya ubavuni tu yaliyokuwa yakipepea.

"Huyu ameduwaa," Mwalimu akasema. "Tumtoe kwenye hesabu."

Babu alikuwa amevua Vanga, huko Pwani, tangu utotoni. "Akimbilie wapi, Mwalimu? Huyo amefikiri."

"Samaki mmoja hathibitishi kitu, mzee wangu."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Daftarini, kwenye safu ya muda wa kukimbia, nilipiga mstari, na moyoni nilikuwa upande wa Mwalimu.

Kisha siku moja, barabarani Tom Mboya, katikati ya Nairobi, moshi wa vitoa machozi ulitufikia kabla hatujamwona askari hata mmoja. Maduka yalikuwa yameshashusha vyuma. Watu wakatimka kuelekea stejini. Mimi nikasimama, mgongo ukutani, mkoba kifuani. Babu angesema nimefikiri. Nilivyokuwa nikitetemeka, sidhani.