Hilux ya mwaka 1986, uani kwangu Tanga

Gari nililolinunua Juni 2021 lilikuwa Toyota Hilux ya mwaka 1986, yenye kebini moja na injini ya dizeli aina ya 2L. Lilikuwa limelala chini ya mwarobaini katika shamba moja la mkonge upande wa Muheza kwa muda wa miaka kama sita. Sakafu ya bodi ya nyuma ilikwisha kutoboka kiasi kwamba kuku wa mlinzi walikuwa wakiingilia chini na kutaga nyuma ya kiti. Nililipa shilingi 2,600,000, na mlinzi akaniomba nimwachie mayai.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, si fundi. Nina kishamba cha michungwa Muheza, na kila msimu nimekuwa nikilipa nauli ya kubeba machungwa ambayo ukiijumlisha kwa miaka michache ingeweza kununua gari. Nilijua kufungua na kufunga vitu, nilikuwa na spana za kutosha, na nyumba yangu ya Mikanjuni ina ua mpana wenye mwembe mmoja. Nilichokuwa sikijui ni mpangilio wa kazi, yaani kipi kinatangulia na kipi kinafuata, na upungufu huo ndio uliokula fedha na miezi yangu kuliko kitu kingine chochote.

Nilianza na injini. Mtu yeyote anayepeleka mkweche nyumbani hutaka kwanza kuusikia ukinguruma, nami sikuwa tofauti. Nilifunga betri ya kuazima, nikamwaga dizeli ya zamani iliyokuwa imegeuka kuwa kama uji, nikabadilisha filta, kisha nikatoa hewa kwa kupampu kwa mkono kwenye filta na kulegeza nati za nozeli moja baada ya nyingine mpaka dizeli ikatoka bila mapovu. Siku ya tatu injini iliwaka. Ilitoa moshi mweupe ulioziba ua mzima, mpwa wangu akapiga vigelegele kama yuko harusini, na majirani wakaja kutazama. Baada ya dakika kumi na tano rejeta ikaanza kuchemka na kurusha maji.

Tulipofungua silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, tulikuta ufa mwembamba kati ya valvu mbili za silinda ya tatu, jambo ambalo mafundi wa injini za 2L hukutana nalo mara kwa mara gari linapoendeshwa likiwa limepungukiwa maji. Niliituma hedi Dar es Salaam kwa basi, kwa fundi wa mashine wa Gerezani, naye akanipigia kuniambia nisipoteze fedha kuichomelea. Nilitafuta nyingine iliyotumika, ikapimwa kwa presha kabla sijailipia. Bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, nayo ilichongwa, kwa sababu silinda zilikuwa zimelika. Kipimo cha kiwandani cha silinda hizo ni milimita 92, na tulihamia pistoni zilizozidi kwa nusu milimita. Nikanunua ringi, beringi, gasiketi zote, pampu ya maji na mkanda mpya wa taimingi, ambao katika injini hii si wa kufanyiwa mzaha, kwa kuwa ukikatika valvu hugongana na pistoni na kazi yote inarudi mwanzo. Kufikia Septemba nilikuwa na injini iliyofungwa vizuri, imepakwa rangi, iko juu ya tairi kuukuu ikisubiri kurudishwa mahali pake.

Hapo ndipo alipokuja mzee mmoja jirani, fundi mstaafu aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika gereji za mashamba ya mkonge. Nilimwamkia, akaitikia, akazunguka gari mara moja bila kusema neno. Kisha akaomba nyundo ndogo, akalala chini ya gari juu ya gunia na kuanza kuigonga chesisi, yaani fremu ya chuma inayolibeba gari, kuanzia mbele kwenda nyuma, huku akisikiliza. Mbele ilikuwa ikilia kama kengele. Alipofika juu ya springi za nyuma mlio ukawa wa kufa, kama wa kugonga ubao, na pigo la tatu nyundo ikazama ndani ya chuma.

“Mwalimu,” akaniambia akiwa bado chini, “umemvisha bibi harusi hereni, nyumba haina paa.”

Akanieleza jambo ambalo ningelijua kama ningemuuliza mapema. Gari lile lilikuwa likibeba mabaki ya mkonge kutoka korona, yaani mashine ya kusindika mkonge, na maji ya mkonge ni makali. Wakata mkonge wanajua yanavyowasha ngozi, na chuma nacho hakisalimiki. Yanapochuruzika kutoka kwenye bodi, hutua juu ya chesisi pale springi zinaposhikiliwa, yakachanganyika na matope, na hapo hukaa mwaka mzima. Ongeza hewa ya chumvi ya pwani yetu. Kwa nje chesisi ilikuwa na rangi nyeusi iliyopakwa na mtu fulani kwa ajili ya mauzo, na chini ya rangi hiyo palikuwa na maganda ya kutu yaliyoshikana kwa mazoea.

Injini yangu mpya basi ikaingia sebuleni, ikafunikwa shuka, na ikakaa huko miezi saba. Mke wangu alilichukua jambo hilo kwa subira ambayo sikustahili. Kwa kuwa silinda zilizochongwa hivi karibuni hushika kutu upesi zikikaa bila kazi, kila baada ya wiki mbili nilikuwa namimina mafuta kidogo kupitia matundu ya nozeli na kuizungusha injini kwa mkono. Nafikiri nilitumia zaidi ya lita tano za mafuta kuilinda injini ambayo, kama ningeanza na chesisi, ingekuwa bado dukani katika vipande, bila kuhitaji ulinzi wowote.

Kuivua gari hadi ibaki chesisi tupu kulituchukua wikiendi nne. Tulisimamisha boriti tatu za mikoko kama mafiga marefu, tukakodi cheni bloki, na kuinua kwanza bodi ya nyuma na baadaye kebini. Nati na bolti hazikuwekwa pamoja hata siku moja: kila sehemu ilikuwa na kopo lake la maziwa ya unga lenye maandishi ya kalamu ya rangi, na mpwa wangu alipiga picha kwa simu kabla ya kufungua kitu chochote. Makopo yalifika arobaini na moja. Vile vyuma virefu vya mbele vinavyofanya kazi ya springi, ambavyo mafundi huviita toshenbaa, tulivitia alama ya patasi pande zote mbili kabla ya kuvitoa, kwa sababu vina meno mengi, na ukivirudisha kwa kuruka jino moja tu gari litasimama likiwa limeinama upande mmoja.

Kisha ikaanza kazi ya kutu yenyewe, na hapa nataka niseme kwa urefu, kwa kuwa ndipo gari lilipojengwa. Tulianza kwa nyundo yenye ncha, tukidonoa kila mahali palipovimba, halafu grainda yenye brashi ya waya, na mwisho msasa kwenye pembe ambazo brashi haifiki. Sheria aliyonipa mzee ilikuwa rahisi: chuma kinachotoboka kwa nyundo kikatwe, na mkato uendelee mpaka ukutane na chuma kinacholia. Mara mbili nilijaribu kubakiza kipande ambacho kilionekana kizima, na mara zote mbili moto wa mashine ya kuchomelea ulikiyeyusha, kwa sababu kilikuwa kimebaki chembamba kama karatasi. Tulikata sentimita 60 upande wa kushoto na kama 45 upande wa kulia.

Viraka vilikatwa kutoka bamba la milimita tatu, na havikuwa vya mraba. Mzee alivikata kwa umbo la tiara, ncha zikielekea mbele na nyuma, na aliponieleza sababu nilifurahi kama mwanafunzi wangu anapopata jibu. Chesisi inapobeba mzigo hupinda juu na chini, na mstari wa kuchomelea unaokatisha wima kutoka ukingo wa juu hadi wa chini huacha mahali pamoja palipo dhaifu, kama karatasi iliyokunjwa, ambapo ufa utaanzia. Mstari uliolala kwa mshazari husambaza nguvu hiyo kwenye urefu mkubwa zaidi. Nimefundisha mada ya mikazo kwa miaka kumi na miwili, na siku ile ndipo nilipoiona ikiwa na kazi ya kufanya.

Kabla ya kuchomelea kiraka chochote tuliiweka chesisi juu ya matofali, tukaisawazisha kwa pima maji, na nikapima mshazari kutoka kona hadi kona kwa futi ya chuma. Tofauti ya vipimo viwili ilikuwa milimita tatu, nikaiandika ukutani. Baada ya kila kiraka nilipima tena, kwa sababu joto huvuta chuma. Tulichomelea vipande vifupi, upande huu kidogo na upande ule kidogo, tukisubiri vipoe. Mchomeleaji tuliyemwita alilalamika kwamba kazi ya nusu siku inakuwa ya siku tatu, nami nikamlipa siku tatu. Mwisho wa kazi tofauti ilikuwa ileile milimita tatu.

Ndani ya chesisi, pale ilipofungwa kama boksi, tulisukuma hewa ya kompresa na kutoa udongo uliojaa ndoo mbili. Tukazibua matundu ya kutolea maji yaliyoko chini, kisha, baada ya kupaka nje praima ya redi oksaidi, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, mara mbili na rangi nyeusi juu yake, tukapuliza ndani mchanganyiko wa grisi na mafuta mazito kwa mpira mrefu. Kazi hii ya mwisho ni chafu, na hakuna mnunuzi atakayeiona, ndiyo maana haifanywi.

Bodi ilihitaji uvumilivu wa aina nyingine. Mafundi wengi wa kunyoosha mjini hupenda kuziba tundu kwa puti, wakasugua, wakapaka rangi, na gari likang'aa mpaka masika yajayo. Puti ni ya kusawazisha bonde dogo kwenye chuma kizima. Ikiziba tundu huvuta unyevu kwa nyuma na kutu huendelea kula gizani. Tulikata sakafu ya kebini upande wa dereva, tukaweka bati jipya, na sakafu yote ya bodi ya nyuma tukaitupa na kuiunda upya. Milango ilikuwa na afya ya kushangaza. Rangi tulipuliza Februari 2022, mwezi ambao Tanga hupata mvua chache, ndani ya banda la turubai lenye sakafu iliyomwagiwa maji ili vumbi litulie. Siku ya kwanza nilianza alfajiri nikidhani utulivu wa upepo utanisaidia, rangi ikafifia na kuwa kama imechanganywa na maziwa, kwa kuwa umande ulikuwa bado hewani. Nilisugua yote na kurudia siku iliyofuata, saa tatu asubuhi, jua likiwa limepanda.

Breki, nyaya na usukani sina mengi ya kuvieleza. Mabomba yote ya breki yalibadilishwa pamoja na masta silinda na wili silinda, kwa sababu sikuona maana ya kubahatisha hapo. Nyaya zilikuwa zimeungwa kwa tepu na watu wasiopungua wanne katika miaka tofauti. Nilichora mchoro mpya na kuzivuta upya, na taa zilizokuwa zikifufuka na kufa zikatulia mara tu nilipokwangua rangi mahali waya wa eathi unapofungwa kwenye bodi. Kadi ya gari ilihamishiwa jina langu TRA, mamlaka ya mapato, na kwa kuwa bloku ilikuwa ileile, namba ya injini haikuleta swali.

Gharama yote, pamoja na bei ya kununulia, ilifika shilingi 9,450,000. Ningekadiria kwamba kama shilingi 700,000 kati ya hizo ni malipo ya kuanza na injini: mafuta ya kuilinda, mipira iliyokauka kabla ya kufungwa, na vipuri viwili vya umeme vilivyoshika unyevu sebuleni.

Agosti 2022 niliipandisha Amani. Kutoka Muheza barabara hupanda milima ya Usambara Mashariki kwa kona zisizohesabika, na Amani yenyewe iko kwenye mwinuko wa kama mita 900, kwa hiyo sikuona mtihani bora kwa rejeta na breki. Mzee alikaa upande wa abiria akiwa na chupa ya maji miguuni, hakusema kitu mpaka tulipofika juu na mshale wa joto ukiwa bado katikati. Akashuka, akapapasa tairi moja baada ya nyingine kuona kama kuna breki inayong'ang'ania, akaomba chai. Tulipokuwa tukirudi tulipita shambani, tukapakia machungwa magunia sita, na springi zikashuka sawasawa pande zote mbili.

Jioni, baada ya kushusha mzigo, nililala chini ya gari na tochi. Oili sili ya difu ilikuwa ikivujisha tone dogo, jambo la nusu siku. Lakini pale bano la tairi la akiba linapofungwa kwenye chesisi, mahali ambapo brashi yangu haikufika vizuri, palikuwa na doa la rangi ya kahawia lenye ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Nilimwita mpwa wangu aniletee brashi ya waya na lile kopo la praima lililobaki, kabla hata sijanawa mikono.